Kupanga mawazo na kumbukumbu zako kwa ubao wa Obsidian: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayetaka kutandaza mawazo, picha na kumbukumbu za nyumbani mbele ya macho, aone kipi kinagusana na kipi. Mfano tunaoufuata ni programu ya Obsidian, hasa sehemu yake ya ubao iitwayo Canvas. Mengi kati ya haya, yaani tarehe, majina, mishale na picha za simu, yatakufaa hata ukitumia programu nyingine. Maneno ya menyu tumeyaandika kwa Kiingereza kama yanavyoonekana kwenye skrini.

Ubao huu una tofauti gani na daftari la kawaida kwenye kompyuta?

Daftari hufuata mstari: ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kumbukumbu haziji hivyo. Ukikumbuka harufu ya udi unakumbuka arusi, arusi inakuletea shangazi, na shangazi anakupeleka kwenye nyumba iliyokwisha kuvunjwa. Ubao ni uwanja mtupu unaoweza kuusogeza pande zote. Kila kitu ni kadi, nawe unaiweka unapotaka, unaisogeza na kuiunganisha na nyingine kwa mshale. Mahali kadi ilipo ni sehemu ya maana yake: kadi zilizokaa karibu karibu zinakuambia jambo hata kabla hujazisoma.

Kwa nini Obsidian?

Kwanza, kila andiko ni faili la maandishi matupu lenye mwisho wa .md, ndani ya folda ya kawaida iliyo kwenye kifaa chako. Unaweza kulifungua kwa programu yoyote ya kuandikia. Pili, ukishaipakua haihitaji intaneti, basi haili bando. Tatu, ni bure. Tangu Februari 2025 hata matumizi ya kazini hayadai leseni. Kinacholipiwa ni huduma za ziada, kama ile ya kuoanisha vifaa. Sehemu ya ubao iliongezwa Desemba 2022, na Machi 2024 waundaji waliuweka wazi muundo wa faili zake ili programu nyingine nazo ziweze kuzisoma.

Obsidian yenyewe si programu huria, yaani msimbo wake hauko wazi kwa umma, na hilo tunalisema wazi. Kinachotupa imani ni kwamba faili ni zako na zinasomeka bila hiyo programu.

Ninaanzaje? Nipe hatua.

1. Pakua programu kutoka tovuti yake rasmi, au duka la programu la simu yako.
2. Unda folda kuu, ambayo Obsidian inaiita "vault". Ipe jina fupi, mfano Kumbukumbu. Kwenye Android, ukiulizwa mahali pa kuiweka, chagua hifadhi ya kifaa. Iliyomo ndani ya hifadhi ya programu hufutika siku utakapoiondoa programu.
3. Ndani yake tengeneza folda nne tu: watu, mahali, matukio, picha. Usiende mbali zaidi kwa sasa. Wengi humaliza wiki nzima wakipanga folda na hawaandiki hata kadi moja.
4. Nenda Settings, kisha Files and links, kisha "Default location for new attachments", uelekeze kwenye folda ya picha. Usipofanya hivyo, kila picha utakayoiburuta itaangukia ovyo katikati ya maandiko yako.
5. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "New canvas". Uwanja mtupu utafunguka.
6. Bofya mara mbili mahali patupu: kadi inazaliwa. Andika. Bofya nje yake kumaliza.
7. Peleka kipanya kwenye ukingo wa kadi, utaona kiduara. Kikamate, ukiburute hadi kadi ya pili. Huo ndio mshale.
8. Chagua kadi kadhaa kwa pamoja, bofya kitufe cha kulia, "Create group". Utapata fremu yenye jina, mfano "Likizo za Tanga".

Ukipotea kwenye uwanja, bonyeza Shift na 1: ubao mzima unarudi machoni. Shift na 2 hukusogeza kwenye ulichokichagua. Kushikilia kitufe cha nafasi huku ukiburuta kunasogeza uwanja, na Ctrl pamoja na gurudumu la kipanya hukuza au kupunguza.

Ubao wa kwanza uwe na kadi 12 hadi 20, na ujibu swali moja. "Maisha yangu" si swali, ni bahari. "Tuliishi nyumba zipi, na kwa nini tulihama?" ni swali, na linaweza kukamilika jioni moja.

Kadi moja ibebe maneno mangapi?

Jambo moja, sentensi moja hadi tatu. Ukiona neno "pia" au "halafu" linajitokeza, mara nyingi hiyo ni kadi ya pili inayoomba kuzaliwa. Kadi ndefu haiwezi kuunganishwa vizuri, kwa sababu mshale hauonyeshi unagusa sentensi gani.

Habari ikiwa ndefu, mfano simulizi nzima ya bibi, iandike kama faili kamili kisha ulete faili hilo kwenye ubao. Kadi ya maandishi uliyoiandika moja kwa moja inakaa ndani ya faili la ubao tu. Haionekani kwenye orodha ya viungo vya maandiko mengine. Ikishakomaa, ibofye kwa kitufe cha kulia na uchague "Convert to file...". Kazi hii ndogo ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na mtu hushangaa mwaka mmoja baadaye kwamba kadi zake bora hazitokei popote.

Mishale ninaichora, lakini baada ya mwezi sijui ilimaanisha nini. Nifanyeje?

Iandikie kitenzi. Bofya mstari mara mbili, andika: "ilimfanya ahame", "alimlea", "walikorofishana kwa sababu ya", "ilinunuliwa kwa fedha za". Mshale usio na neno unasema tu kwamba vitu viwili vinahusiana, na hilo ulikuwa unalijua kabla ya kuuchora. Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, walipobuni ramani za dhana mnamo 1972, walishikilia jambo hilohilo: dhana, maneno ya kuunganisha, dhana, mpaka isomeke kama sentensi. Jaribio ni rahisi. Soma kwa sauti kadi ya kwanza, neno la mshale, kadi ya pili. Isipotoka sentensi ya Kiswahili inayosikika sawa, mshale haujakamilika.

Hapa lugha yetu inatusaidia sana. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtendaji, wakati na mtendwa ndani ya neno moja. "Alimwozesha" si sawa na "aliozeshwa" wala "waliozana", na kila moja inageuza mwelekeo wa mshale. Ukiandika "ndoa" peke yake unatupa taarifa yote hiyo.

Ukishindwa kabisa kupata kitenzi, ufute mshale. Pengine zile kadi zinatosha kuwekwa jirani.

Rangi zitumikeje?

Ubao una rangi sita za tayari. Tumia tatu, na zote zieleze jambo moja: uhakika wa habari. Kijani kwa kilicho na ushahidi mkononi (cheti, barua, picha yenye tarehe). Njano kwa kilichosimuliwa na aliyekuwapo. Nyekundu kwa kinachobishaniwa au kilichosikika kwa mtu wa tatu. Rangi zikianza kumaanisha watu, miaka na hisia kwa pamoja, hazimaanishi chochote tena. Weka kadi ndogo kwenye kona ya juu kushoto ya kila ubao inayoeleza maana yake.

Sijui tarehe za matukio. Wazee wanasema tu "zamani zile". Nitapangaje?

Usimuulize mzee mwaka. Muulize tukio hilo lilitangulia au lilifuata tukio gani ambalo kila mtu analijua. Tengeneza kadi za nguzo, zipange mlalo sehemu ya juu ya ubao kutoka kushoto kwenda kulia, kisha tundika kumbukumbu chini ya nafasi zilizo katikati yake. Nguzo zinazofaa kwa familia nyingi za kwetu:

- Uhuru wa Tanganyika, 9 Desemba 1961. Uhuru wa Kenya, 12 Desemba 1963
- Mapinduzi ya Zanzibar, 12 Januari 1964, na Muungano, 26 Aprili 1964
- Azimio la Arusha, Februari 1967
- Kifo cha Mzee Jomo Kenyatta, 22 Agosti 1978
- Vita vya Kagera: uvamizi mwishoni mwa 1978, majeshi ya Tanzania kuingia Kampala Aprili 1979
- Jaribio la mapinduzi Kenya, 1 Agosti 1982
- Kuzama kwa MV Bukoba, 21 Mei 1996
- Mvua za El Niño, 1997 hadi 1998
- Mabomu ya Nairobi na Dar es Salaam, 7 Agosti 1998
- Kifo cha Mwalimu Nyerere, 14 Oktoba 1999
- Kwa familia za Goma, mlipuko wa Nyiragongo, Januari 2002 (na ule wa Januari 1977 kwa wazee)

Uliza basi: "Shangazi, wakati wa vita vya Kagera ulikuwa umeshaolewa?" Jibu la ndiyo au hapana linakata miaka mingi kwa mkupuo mmoja. Maswali matatu ya namna hiyo kwa kawaida yanakuacha na pengo dogo linalofanyika kazi.

Pwani kuna njia nyingine nzuri. Wazee wengi hukumbuka mwezi wa mfungo na majira ya mvua kwa pamoja. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo mwezi uleule huzunguka majira yote na kurudi ulipokuwa baada ya miaka 33 hivi. Mzee akisema kaka yake alizaliwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, masika yamepamba moto, umepata kipimo. Mfungo Sita uliangukia Aprili na Mei mwaka 1971, na tena mwaka 2004. Miaka miwili mitatu ya kila upande nayo inakubalika, lakini 1985 haiwezekani.

Tarehe ya kukadiria iandikwe kama ya kukadiria. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku, ili yajipange yenyewe: "1978-08-22", "1971-05", au "1971~" ukiwa na mwaka wa kubahatisha. Usitumie alama ya kuuliza wala nukta mbili kwenye jina la faili, maana Windows inazikataa. Alama za #, ^, | na mabano ya mraba nazo ziepuke, kwani zinavuruga viungo vya Obsidian.

Na saa! Mzee akisema mtoto alizaliwa "saa tatu usiku", andika 21:00 ndani ya kadi (si kwenye jina la faili, kwa kuwa ina nukta mbili), huku maneno yake ukiyaacha kama alivyoyasema. Ukiandika 3:00, mjukuu aliyelelewa ughaibuni atasoma saa tisa ya alfajiri.

Ukoo wetu una Juma watano. Na bibi anaitwa majina manne tofauti. Itakuwaje?

Kila mtu apate faili moja tu, lenye jina lake na la baba yake, na mahali kama bado yanagongana. Majina mengine yote, yaani la utani, la mtoto wake wa kwanza, "Bi Mkubwa", "Mama Mdogo wa Pangani", yaweke kwenye sifa ya faili iitwayo aliases, kila moja mstari wake. Baadaye ukiandika mabano mawili ya mraba na kuanza "Mama M...", Obsidian itakupendekezea faili sahihi.

Angalizo moja: "baba mdogo" na "shangazi" ni majina yanayomtegemea msemaji. Shangazi yako ni dada kwa baba yako na ni mama kwa binamu zako. Kwenye jina la faili weka jina la mtu, na uhusiano uuandike kwenye mshale.

Nikitafuta "ng'ombe" sipati kadi nyingine ninazojua zipo. Kwa nini?

Kwa sababu ya kile kijialama. Kibodi ya simu mara nyingi huweka kilichopinda, ya kompyuta huweka kilichonyooka, na kwa kompyuta hizo ni herufi mbili tofauti. Chagua kilichonyooka, zima uwekaji wa alama zilizopinda kwenye mipangilio ya simu, na yaliyokwisha kuandikwa yabadilishe. Vivyo hivyo kwa ng'ambo, ng'ang'ania na jamaa zake.

Jambo la pili ni lebo, zile zinazoanza na #. Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno, si mwisho. Ukiweka #mtu leo na #watu kesho, orodha itazitenga, moja kwenye M na nyingine kwenye W, na hutaona kwamba ni kitu kimoja. Amua umoja tu: #mtu, #kijiji, #mti, #safari. Mahali zitumie kwa ngazi: #mahali/pemba/wete.

Zima pia ukaguzi wa tahajia kwenye Settings, Editor, "Spellcheck". Mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili inachosha macho bure.

Picha zangu nyingi zilikuja kwa WhatsApp. Tarehe zake zinaaminika?

Hapana. WhatsApp hubana picha na kuondoa taarifa zilizofichwa ndani yake, zikiwamo tarehe na mahali ilipopigwa. Jina kama IMG-20240315-WA0007 kwenye Android linakuambia picha ilifika kwenye simu 15 Machi 2024, basi. Inaweza kuwa picha ya 1962 iliyopigwa tena kwa simu. Mwombe mwenye nayo akutumie upya kama hati, si kama picha, au aiweke kwenye kadi ya memori (SD) ya simu. Hapo utaipata ilivyo.

Picha za iPhone zenye mwisho wa .heic hazionekani ndani ya Obsidian. Zigeuze kuwa .jpg, na kwa zijazo weka kamera kwenye "Most Compatible".

Picha za karatasi zipitishe kwenye skana kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa takriban pikseli 2,400 kwa 3,600, inayotosha hata kuchapisha upya kwa ukubwa maradufu. Kama huna skana, iweke juu ya meza karibu na dirisha lisilopigwa jua moja kwa moja, zima mwanga wa kamera, shika simu iwe sambamba kabisa na picha. Na piga upande wa nyuma pia. Maandishi ya kalamu yaliyoko nyuma, pamoja na muhuri wa studio, mara nyingi ndiyo tarehe pekee utakayoipata. Usiikwangue picha iliyong'ang'ania kwenye kioo cha fremu. Ipige ikiwa humohumo, kwa pembe isiyorudisha mwanga.

Kanga nazo zipige picha, jina lake likionekana lote. Jina la kanga ni maneno ambayo mtu aliyachagua, akalipia, akayavaa mbele za watu. Ukiliunganisha na aliyeivaa na siku aliyoivaa, umepata kumbukumbu ambayo hakuna barua inayoibeba.

Sauti za WhatsApp hazichezi kwenye ubao.

Faili hizo zina mwisho wa .opus, ambao Obsidian haiutambui. Kwenye kompyuta na Android, badilisha mwisho uwe .ogg, kwa kuwa ndani ni chombo hichohicho. Kwa iPhone ni salama zaidi kuzigeuza kuwa .mp3 au .m4a. Rekodi ndefu ikate vipande vya dakika tatu hadi tano, kila kipande na kadi yake yenye muhtasari wa mstari mmoja. Hakuna atakayerudi kutafuta neno moja ndani ya rekodi ya saa mbili.

Ndugu wawili wanasimulia tukio moja kwa namna mbili. Niandike lipi?

Yote mawili, kadi mbili, kila moja na jina la msimulizi na siku aliyosimulia. Ziunganishe kwa mshale wa pande mbili wenye neno "inapingana na". Usizichanganye kuwa kadi moja ya katikati. Kumbukumbu hubadilika kila inaposimuliwa, na tofauti zenyewe zina habari: nani alikuwapo, nani aliambiwa, nani alikuwa bado mtoto. Ukipata cheti au barua baadaye, ongeza kadi ya tatu ya kijani, na zile mbili ziache zilivyo.

Nichore nasaba nzima humu?

Usifanye hivyo. Ukishavuka watu 40 hivi, mistari inakuwa wavu. Kwa nasaba tumia programu ya kazi hiyo, mfano Gramps, ambayo ni huria na ya bure, na inaweka ndoa nyingi, watoto wa kulea na vyanzo vya habari mahali pake. Ubao uachie hadithi.

Na zile programu za mchoro wa matawi?

Zinafaa kwa wazo lenye kichwa kimoja: hotuba, mpango wa safari, sura za kitabu. Freeplane ni ya bure na nyepesi kiasi. Tab huzaa tawi, Enter huongeza tawi pembeni, F2 huhariri, kitufe cha nafasi hukunja na kukunjua. Kumbukumbu huzishinda kwa sababu tawi lina mzazi mmoja tu, na tukio moja huwa na asili nyingi.

Nina simu tu, sina kompyuta.

Simu ni nzuri kwa kukusanya na dhaifu kwa kupanga. Kwenye skrini ya kiganja utaona kadi tatu nne, na mshale ni vigumu kuukamata kwa kidole. Kusanya wiki nzima kwa simu, kila habari faili lake fupi. Kisha ukipata kompyuta ya kuazima au kishikwambi, fungua folda hiyohiyo na uzipange kwa saa moja.

Kuoanisha bila malipo inawezekana kwa Syncthing, inayopeleka faili kifaa hadi kifaa kupitia mtandao wa Wi-Fi wa nyumbani. Jihadhari usihariri faili moja pande mbili kabla hazijaonana. Ukiona faili lenye maneno "sync-conflict" kwenye jina, ndicho kilichotokea: fungua yote mawili, unganisha kwa mkono, kisha futa la ziada.

Picha zote zimegeuka viboksi vitupu. Nimefanya nini?

Karibu kila mara, jina la faili au folda limebadilishwa nje ya Obsidian. Ukibadilisha jina ndani ya programu, viungo vinajirekebisha. Ukibadilisha kupitia kidhibiti cha faili cha simu au kompyuta, ubao unaendelea kutafuta jina la zamani. Rudisha jina la mwanzo, hakikisha picha zimerudi, halafu badilisha upya ukiwa ndani.

Kama ni ubao wenyewe ulioharibika, kuna sehemu iitwayo "File recovery". Kwa kawaida hutunza nakala za siku saba zilizopita, lakini za maandiko na mbao tu. Picha na sauti hazimo.

Kwa hiyo nakala za akiba niziwekeje?

Nakala tatu: moja kifaani, moja kwenye diski ya nje au flashi, moja katika nyumba nyingine au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Picha 500 za megabaiti 3 ni gigabaiti 1.5, wakati maandiko 1,000 ya herufi elfu moja moja hayazidi megabaiti moja. Kwa hiyo maandiko unaweza kujitumia kwa barua pepe kila Ijumaa, yakiwa yamebanwa kuwa faili la zip, hata kwa bando dogo. Mara moja kila miezi mitatu fungua ile nakala ya flashi kwenye kompyuta nyingine. Nakala isiyowahi kufunguliwa usiihesabu.

Ubao wangu umekuwa mzito na siwezi kuusoma.

Ukivuka kadi 80 hivi, ugawe. Chukua kundi moja, lihamishie ubao mpya, kisha ubao huo ulete kwenye ule wa kwanza kama kadi. Picha kubwa nazo hulemea, hivyo punguza za kuonyesha hadi upana wa pikseli 1,600 na za asili zitunze folda nyingine.

Nataka kuchapisha ubao kwenye karatasi, nimpelekee mama.

Tumia "Export as image" upate picha ya PNG. Ila piga hesabu kwanza. A4 ikilazwa ina upana wa milimita 297. Ubao wa pikseli 4,000 wenye herufi za pikseli 16 utatoa herufi za milimita 1.2, hazisomeki. Kwa herufi za milimita 3, upana usizidi pikseli 1,600 hivi, yaani safu tano za kadi za pikseli 250 zenye nafasi kati yake. Kwa macho ya mzee fanya safu tatu, au peleka A3.

Ule mchoro wa nukta nyingi, "Graph view", una faida gani?

Kidogo. Unapendeza, lakini mahali nukta inapokaa hukupachagua wewe, kwa hiyo hapakuambii kitu. Wenye manufaa ni ule wa andiko moja, "local graph", ukiwa na kina cha 1 au 2: fungua faili la babu uone linagusa wapi. Nukta zisizo na kiungo hata kimoja ni orodha nzuri ya kazi ya Jumamosi.

Kuna mambo ya ndani ya familia. Yatakuwa salama?

Obsidian haifungi faili zilizoko kwenye kifaa chako. Yeyote anayeshika simu iliyo wazi anasoma kila kitu. Washa usimbaji wa kifaa kizima (BitLocker kwa Windows, FileVault kwa Mac) na uweke nywila ya kweli. Mambo ya mirathi, maradhi na watoto wa nje yaweke folda kuu ya pili, usiyomtumia mtu yeyote.

Kabla ya kuanza kurekodi, mwambie mzee mapema nani atasikia. Akisema "hili lisitoke", andika maneno hayo juu kabisa ya kadi, na kadi hiyo ihamie folda hiyo ya pili siku hiyohiyo.

Watoto wangu wataweza kufungua haya miaka 30 ijayo?

Maandiko, ndiyo: ni herufi tupu. Faili la .canvas, yaani la ubao, nalo ni maandishi ya JSON, utaratibu wa kupanga taarifa unaosomwa na programu nyingi. Kila kadi ina aina yake, vipimo vya x na y, upana, urefu na maneno. Kila mshale unataja unatoka kadi ipi kwenda ipi, na neno lake. Hata programu ikitoweka, mtu anayejua kuandika programu kidogo anaweza kuuchora upya. Lakini usimwachie kazi hiyo. Kila ubao uliokamilika toa na PNG yake, iweke folda ileile kwa jina lilelile, na juu kabisa ya folda kuu weka faili SOMA-KWANZA.txt lenye mistari kumi: folda zina nini, rangi zina maana gani, Juma yupi ni yupi, na karatasi za asili ziko kabati gani.